Sungusungu

Kamusi itakwambia sungusungu ni chungu mweusi: akiwa mmoja hana tishio, wakiwa kundi hata ng'ombe hukimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipowatesa wanakijiji wa Kahama, mkoani Shinyanga, walinzi wa jadi walijulikana kwa jina hilo. Silaha zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Ukisikia mwano, yaani yowe la kuomba msaada, unatoka. Ukibaki kitandani, asubuhi unatozwa faini. Mkaidi alitengwa: hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto.

Kiongozi wao aliitwa ntemi, yaani chifu. Cheo hicho serikali ilikuwa imekifuta mwaka 1963, kikarudi kwa mlango wa nyuma. Dodoma na Dar es Salaam wangefanya nini? Wawakamate walinzi, wezi washangilie? Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawaingiza katika sheria ya mgambo.

Siku hizi nyaraka za serikali husema "ulinzi shirikishi". Ni msamiati mzuri wa kikao. Lakini mbwa wakibweka usiku wa manane, kuanzia Kahama hadi Geita, hakuna anayepiga kelele, "Ulinzi shirikishi!"