Kipakatalishi kikuukuu chaweza kufufuliwa kwa Linux

KIPAKATALISHI kilichokataliwa na Windows 11 si lazima kitupwe. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Nayo Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa mashine za Intel, aghalabu ni cha kizazi cha nane au zaidi. Kwa mwalimu wa Adungosi au karani wa forodha mjini Malaba aliyenunua mashine ya mtumba, chaguo ni kuhifadhi nywila zake katika mfumo ambao nyufa zake hazizibwi tena, au kuuhama.

Pa kuhamia ni Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Matoleo yake mengi hupakuliwa bila malipo. Mwenye gigabaiti 4 za kumbukumbu atafaana na Linux Mint ya Xfce. Mwenye 2 ajaribu Lubuntu. Yote mawili hukubali vichakataji vya biti 64 pekee. Mashine kongwe za biti 32 bado zina antiX 23.

Kabla ya lolote, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, kwani usakinishaji ukifuta diski kuu, hakuna kurudi nyuma. Kisha andika Linux kwenye flashi kwa programu kama Rufus, uwashe mashine kupitia flashi hiyo, na uutumie mfumo mpya kwa saa kadhaa bila kusakinisha chochote. Hapo ndipo hujulikana kama sauti, kiguso na intaneti isiyo na waya vinafanya kazi. Vifaa vya Wi-Fi vya Broadcom husumbua mara nyingi. Dawa ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kupakua kiendeshi kinachokosekana.

Ukiwa na fedha kidogo, zitumie kwanza kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile ya SSD, kisha uongeze kumbukumbu. Wengi hulaumu mfumo ilhali kosa ni la diski. Hata hivyo, wepesi wa Linux haupunguzi uzito wa tovuti za leo: kurasa ishirini zilizofunguliwa kwa pamoja zitailemea mashine ya gigabaiti 2, hata iwe na mfumo gani.

Microsoft Office yenyewe haisakinishwi katika Linux. LibreOffice hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel, lakini makro za Excel huweza kugoma. Anayejaza fomu za kodi za aina hiyo atafute kwenye iTax zile za ODS, la sivyo aiache Windows upande mmoja wa diski hadi msimu wa kodi upite.