Jina Kapewa Mfalme, Ujuzi Walikuwa Nao Wachimba Mizizi

Ile dawa ya zambarau uliyopakwa mdomoni utotoni, GV, ikakuacha na kidevu cha rangi siku kadhaa, unajua hiyo G ni ya nini? Ni jentiana, ua la milimani. Ila ndani ya kile kichupa hakuna ua hata moja. Ni rangi ya kiwandani tu, iliyoazima jina kwa sababu baadhi ya jentiana zina buluu iliyokolea.

Na siyo mara ya kwanza jina hili kwenda kwa asiyehusika. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, aliandika kwamba mmea huu uligunduliwa na Gentius, mfalme wa Illyria, upande wa Albania ya leo. Huyo ndiye aliyepigwa na Warumi mwaka 168 KK. Ufalme ukaisha, jina likabaki kwenye ua. Sasa jiulize, mfalme gani alipanda mlima na jembe akachimbe mizizi?

Waliochimba ni wanakijiji wa milima ya Alps, ambao majina yao hakuna aliyehangaika kuyaandika. Walikuwa wanatafuta mzizi wa jentiana ya njano. Mchungu balaa, mwarobaini unasubiri! Walitengenezea dawa ya tumbo, na wakapikia pombe kali, gongo ya kwao.

Ishu ni kwamba jentiana ya njano haina haraka. Inaweza kukaa miaka 10 hivi bila kutoa ua la kwanza. Muda wote huo ni majani tu, mapana, yenye mistari. Na kwenye malisho yaleyale kunaota veratrumu, mwenye majani yanayofanana nayo sana. Huyo ni sumu. Akiingia kwenye chupa, mnywaji anatapika, presha inashuka, mapigo ya moyo yanapungua, na anaweza kufa. Hadi miaka yetu hii, hospitali za Ulaya zimepokea watu waliojitengenezea kinywaji nyumbani kumbe wamechimba mmea siyo.

Mchimbaji mzoefu hakungoja ua. Aliangalia majani. Ya jentiana hutoka mawili mawili, yakitazamana kwenye shina. Ya veratrumu hutoka moja moja, yakipishana kuzunguka shina. Kisha akapapasa upande wa chini: ya jentiana ni laini, ya veratrumu yana vinyweleo. Akikosea hapo, waliokaa naye mezani ndio wanaoumia.

Hayo majani ya mawili mawili utayaona hata kwa jentiana za buluu zinazochelewa kuchanua, zile za Agosti na Septemba, wakati maua mengi ya Alps yameshaaga.

Leo jentiana ya buluu imechorwa kwenye senti 1 ya yuro ya Austria. Hata lebo za ile pombe mara nyingi zina ua la buluu, wakati kilichomo chupani kwa kawaida ni mzizi wa ile ya njano. Mfalme kapata jina, ua la buluu limepata picha. Wachimbaji hawakuachiwa hata sanamu. Ila anayepanda Alps leo kutafuta mzizi huo, kinachomrudisha nyumbani salama siyo jina la mfalme. Ni yale majani mawili yanayotazamana.