H-1B: Viza Usiyoweza Kujiombea

Leo naweka msimbo kando kidogo, tuongee historia.

Juma lililopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na karatasi mkononi. Amemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta, anaandika programu za simu, na kazi ya kudumu bado hajapata. Karatasi ilikuwa ya ajenti fulani hapa Nairobi: lipa shilingi 45,000, tukuingize kwenye bahati nasibu ya viza ya H-1B ya Marekani. "Kaka, nimeshakusanya elfu thelathini," akaniambia. "Unaweza kuniongezea hiyo iliyobaki?"

Nilimwambia asilipe hata shilingi moja. Akataka sababu, na sababu yenyewe ni historia ya zaidi ya miaka 70. Nimeona niiandike, maana najua karatasi kama ile ziko nyingi.

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: H-1B haiombwi na mfanyakazi, huombwa na mwajiri. Kampuni iliyoko Marekani ndiyo inayopeleka ombi serikalini. Wewe umetajwa tu ndani ya ombi hilo, na ubalozini Gigiri unakwenda baada ya kampuni kukubaliwa. Bila kampuni, hakuna cha kuingiza kwenye bahati nasibu yoyote.

Ilianzaje? Turudi mwaka 1952. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji ambayo Rais Truman aliikataa kwa kura ya turufu, nalo likaipitisha tena juu ya kichwa chake. Ndani yake kulikuwa na daraja la viza lililoitwa H-1, kwa wageni wenye sifa na uwezo wa kipekee. Masharti yalikuwa makali: mgeni awe anakuja kwa muda, na hata kazi yenyewe iwe ya muda. Mwaka 1970 sharti hilo la pili likaondolewa. Tangu hapo mgeni wa muda aliweza kushika kazi ya kudumu, na hapo ndipo mlango wa wahandisi ulipofunguka vizuri.

Sheria iliyozaa H-1B tunayoijua ilitiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 29 Novemba 1990. Iliweka kikomo cha viza 65,000 kwa mwaka. Ilitaka kazi iwe ya kitaalamu, inayohitaji angalau shahada ya kwanza katika fani husika. Ilimtaka mwajiri kwanza aiahidi Wizara ya Kazi kwamba atamlipa mgeni mshahara usiopungua ule unaolipwa wengine kwa kazi hiyo mahali hapo. Viza ingedumu miaka mitatu, ikiongezwa hadi sita.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo ya 1990 ndiyo iliyoleta pia ile bahati nasibu ambayo sisi Wakenya tumezoea kuiita "green card". Ni mapacha wa siku moja, lakini hawafanani hata kidogo. Ile ya pili mtu alijaza fomu mwenyewe kwenye saiba, bila mwajiri, akangoja bahati yake. H-1B haikuwa hivyo hata siku moja. Ajenti wa kijana wetu anauza pacha mmoja kwa maelezo ya mwenzake, na anajua kwamba neno "bahati nasibu" masikioni mwa Mkenya lina maana moja tu.

Tuendelee. Miaka ya mwanzo nafasi 65,000 hazikuisha. Kikomo kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa fedha wa 1997. Kampuni za intaneti zilikuwa zinachipuka kama uyoga, na kulikuwa na ile hofu ya mwaka 2000: programu za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, hivyo 2000 ingesomeka 00 na kuchanganywa na 1900. Mamilioni ya mistari ya msimbo ilihitaji kukaguliwa, na wakaguzi wengi walitoka India.

Bunge likapanua mlango. Sheria ya 1998 ilipandisha kikomo hadi 115,000 kwa miaka miwili, na ya 2000 ikakifikisha 195,000 kwa miaka ya fedha ya 2001 hadi 2003. Sheria ya 1998 pia ilileta ada ya kugharamia mafunzo ya Wamarekani, na ikamkataza mwajiri kumrudishia mfanyakazi mzigo wa ada hiyo. Soma sentensi hiyo tena ukiwa na karatasi ya ajenti mkononi.

Kisha kampuni za intaneti zikaanguka, nafasi 195,000 zikakosa watu wa kuzijaza, na kuanzia Oktoba 2003 kikomo kikarudi 65,000. Mwishoni mwa 2004 ziliongezwa 20,000 kwa waliosomea shahada ya uzamili au zaidi Marekani kwenyewe. Hesabu imebaki hiyo mpaka leo, ingawa vyuo vikuu vya huko havihesabiwi ndani yake.

Kwa kuwa jina la mwajiri ndilo lililobeba viza, ukiachana naye viza nayo inayumba. Zamani mtu aliyetaka kuhama kampuni alingoja ombi jipya likubaliwe ndipo aanze kazi. Sheria ya 2000 ililegeza kamba hiyo: anaweza kuanza mara tu mwajiri mpya anapowasilisha ombi. Na tangu Januari 2017, anayepoteza kazi hupewa hadi siku 60 za kujipanga.

Siku 60 ni nyingi ukizisoma, ni chache ukiziishi. Rafiki yangu niliyesoma naye alipunguzwa kazi huko mwanzoni mwa 2023. Alikuwa na mke, mtoto shuleni, na nyumba ya kupanga. Kila jioni tulipoongea aliniambia idadi ya siku zilizobaki kabla hata ya salamu. Kampuni nyingine iliwasilisha ombi lake siku ya 52. Ni fundi hodari kunishinda, lakini uhodari wake haukuwa na sehemu ya kutia saini kwenye fomu ile.

Tuje kwenye bahati nasibu yenyewe, ambayo sisi waandishi wa programu tunaielewa haraka. Mfumo wa awali ulikuwa foleni: wa kwanza kufika, wa kwanza kuhudumiwa. Maombi hufunguliwa Aprili, miezi sita kabla ya mwaka wao wa fedha kuanza Oktoba. Aprili 2007 foleni ilijaa siku ya kwanza kabisa, ikabidi kompyuta ichague kwa bahati. Tangu 2020 kampuni husajili majina mtandaoni mwezi Machi, na anayechaguliwa ndiye anayeombewa.

Usajili ulikuwa dola 10 tu, na hapo likazaliwa kosa ambalo mwanagenzi yeyote wa hifadhidata angeliona. Mfumo ulihesabu usajili badala ya watu. Kampuni kadhaa zikimsajili mtu mmoja, ana tiketi kadhaa. Machi 2023 usajili ulizidi 780,000, na zaidi ya 408,000 kati yake ulikuwa wa watu waliosajiliwa zaidi ya mara moja. Mwaka uliofuata waliurekebisha: kila mtu hutambuliwa kwa pasipoti yake na kuhesabiwa mara moja. Usajili ukashuka hadi karibu 480,000, na Machi 2025, ada ilipopanda kuwa dola 215, ukawa chini ya 360,000.

Halafu likaja pigo la 19 Septemba 2025. Rais Trump alitangaza kwamba ombi jipya la H-1B kwa mtu aliye nje ya Marekani liambatane na malipo ya dola 100,000, kama shilingi milioni 13. Agizo lilikuwa la mwaka mmoja, lenye nafasi ya kurefushwa, na likapelekwa mahakamani mara moja. Mwishoni mwa mwaka huo ilitolewa pia kanuni, ya kuanza Februari 2026, inayompa mwenye ngazi ya juu ya mshahara nafasi zaidi kwenye uchaguzi kuliko anayeanza kazi. Zote mbili zinamgusa kijana aliyeko Nairobi na cheti kipya kuliko mtu mwingine yeyote.

Na tusidhani ni Marekani pekee. Hapa kwetu, mgeni anayekuja kufanya kazi kwa kibali cha daraja D hupewa kwa kazi fulani na mwajiri fulani. Yeye pia hawezi kukitumia kuzunguka akitafuta kazi.

Kwa hiyo nilimpa kijana wetu maswali matatu ya kumpelekea ajenti. Kampuni inayoniajiri inaitwaje? Mshahara wangu ulioahidiwa Wizara ya Kazi ni kiasi gani? Kwa nini nilipe mimi, si kampuni? La pili mtu anaweza hata kulichunguza mwenyewe, kwani Wizara hiyo huchapisha ahadi za waajiri kwenye tovuti yake: jina la kampuni, kazi na mshahara. Ni jedwali kubwa, lipakue ulisome.

Alirudi Ijumaa. Ajenti alimjibu kwamba mambo ya kampuni "yatajulikana baadaye", kisha akampunguzia bei hadi elfu thelathini. Kijana aliondoka na pesa zake mfukoni. Anayetaka H-1B aanze kutafuta mwajiri, kwa maana hiyo ndiyo foleni ya kweli.

Hadi wakati mwingine, kaeni salama.