Saa Mbili za Kiigaji: Sauti, Mwendo na Istilahi Zake

Mwaka 1963, katika kampuni ya IBM ya Marekani, mafundi waliokuwa wakitayarisha kompyuta za jamii ya System/360 walijikuta na haja ya neno. Wateja wa kampuni hiyo walikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya mashine za zamani, nao hawakuwa tayari kuzitupa kwa sababu tu mashine mpya imekuja. Ilibidi basi mashine mpya iweze kujifanya ya zamani. Njia ya kufanya hivyo kwa programu tupu ilikwisha kuwako, na ilikuwa na jina lake. Lakini ilikuwa ya polepole mno. Mafundi walipochanganya programu na amri ndogondogo zilizotiwa ndani ya mashine yenyewe, mwendo ukawa wa kuridhisha, na jambo hilo jipya likapewa jina lake, ndilo "emulator". Yafaa kukumbuka kwamba neno hili lilizaliwa kwa sababu ya mwendo, kwani mpaka leo mashaka mengi ya chombo hiki ni mashaka ya mwendo, na mara nyingi hutambuliwa kwa masikio kabla ya macho.

Kwa Kiswahili tunavyo vitenzi viwili vilivyo karibu, kuiga na kuigiza, na wafasiri wamevitumia vyote viwili bila mpaka. Kuigiza ni kuonyesha mbele ya watazamaji: aigizaye mfalme hatozi mtu kodi. Kuiga ni kufanya afanyavyo mwingine. Chombo tunachokizungumzia hakionyeshi tu sura ya mashine ya kale, bali hufanya kazi yake, hesabu kwa hesabu. Kwa hiyo napendelea kiigaji na uigaji. Neno kiigizi, ambalo wengine wamelijaribu, lina mwenyewe tayari: wanasarufi walikwisha kulichukua kwa maneno kama chubwi na pu. Ama tofauti waliyoiweka watu wa IBM, siku hizi imefifia. Viigaji vya michezo vya leo aghalabu ni programu tupu, na kwa kipimo cha mwaka 1963 visingestahili jina hilo. Mfasiri asijisumbue nayo.

Tofauti inayopasa kumsumbua ni nyingine. Katika maelezo ya matumizi yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, neno moja, kasi, hubebeshwa mizigo mitatu au minne: wepesi wa kompyuta, mwendo wa mchezo, idadi ya picha katika sekunde, na idadi ya vipimo vya sauti katika sekunde. Mtumiaji ambaye sauti yake inakwaruza akiambiwa "rekebisha kasi" hajui ashike wapi. Historia ya michezo yenyewe yaonyesha kwamba mambo haya hayajawahi kuwa kitu kimoja.

Tuchukue Space Invaders, mchezo alioubuni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, mwaka 1978. Wachezaji waliona kwamba maadui walizidi kwenda mbio kadiri walivyopungua. Mwanzoni hiyo haikuwa hila ya mtungaji. Kichakataji cha mashine ile, Intel 8080 chenye mapigo kama 2,000,000 kwa sekunde, kilielemewa na kazi ya kuchora maadui wengi. Walipopungua, kikapata nafasi, nao wakaharakisha. Udhaifu wa mashine ukawa utamu wa mchezo, na Nishikado akauacha. Sasa mpe kiigaji programu hiyo katika kompyuta yenye mapigo zaidi ya mara elfu, bila kumzuia, na mchezo utakwisha kabla mchezaji hajagusa kitufe. Kiigaji hapana budi kihesabu kila amri ingelichukua mapigo mangapi katika mashine ya asili, kisha kisubiri.

Mchezo huohuo watoa fundisho la pili. Milio yake haikutoka katika programu. Ilitoka katika saketi za umeme zilizokaa kando ya kichakataji. Nicola Salmoria wa Italia alipotoa MAME kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na kwa muda mrefu baada ya hapo, milio ya namna hiyo iliwakilishwa na rekodi zilizowekwa katika faili za pembeni. Asiyekuwa na faili hizo alicheza kimya kimya, akafungua spika zake kutafuta waya uliokatika. Hapo kompyuta haikuwa na kosa, wala mwendo haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni kitu cha kuigwa.

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na mapigo milioni 4.77 kwa sekunde, na watungaji kadhaa wa michezo waliichukua hesabu hiyo kana kwamba haitabadilika milele. Zilipokuja mashine nyepesi zaidi, michezo yao haikuchezeka. Watengenezaji wakaweka kitufe cha "turbo", ambacho kazi yake ya kweli, licha ya jina, ilikuwa kumwezesha mtu kuipunguza mashine. Mfasiri anayekiita "kitufe cha kuongeza kasi" amefasiri jina akaacha kazi. DOSBox, kiigaji kilichotolewa mwaka 2002, kilimwachia mtumiaji jukumu la kuchagua idadi ya mizunguko ya kazi. Akiipunguza mno, mchezo hukokota. Akiizidisha kupita uwezo wa kompyuta yake, jambo la kwanza kuharibika ni sauti, ambayo hukatikakatika. Wengi huongeza tena wakidhani mashine ina njaa, kumbe imeshiba mpaka inapaliwa.

Televisheni nayo ilileta mgawanyiko wake. Japani na Marekani zilitumia picha zipatazo 60 kwa sekunde, na Ulaya 50, kwa kufuata asili ya mizunguko ya umeme. Sisi wa Afrika Mashariki tu upande wa 50. Michezo mingi ya Japani iliuzwa Ulaya bila kurekebishwa. Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, katika Mega Drive ya Ulaya, alikwenda kwa sehemu tano za sita za mwendo wake, na muziki wa dakika moja ukachukua sekunde 72. Lakini sauti yenyewe haikuwa nzito kwa kiasi cha kutambulika, kwa sababu mapigo yaliyoendesha kitoa sauti yalitofautiana kwa chini ya sehemu moja ya mia. Mwendo ulishuka, kidatu kikabaki. Watoto wengi wa Ulaya waliukariri muziki ule wa polepole, na waliposikia ule wa asili katika kiigaji miaka mingi baadaye, waliona kiigaji kimekosea.

Neno kidatu tumelipata kwa wanaisimu, nalo lafaa kabisa hapa, maana kwa kulitenga na mwendo twaweza kupima ugonjwa kwa sikio. Muziki ukiwa wa polepole na kidatu kisibadilike, mtu atazame kama amechagua nchi isiyo yake katika mipangilio. Mwendo na kidatu vikishuka pamoja, vipimo vya sauti vimetengenezwa kwa hesabu moja na kuchezwa kwa nyingine. Mathalani vipimo 48,000 kwa sekunde vikitolewa kwa chombo kinachosoma 44,100, kila kitu hupungua kwa kiasi cha sehemu nane za mia. Kidatu kikiwa sahihi lakini sauti ikikwaruza na kukatika, kompyuta haiwahi kazi. Na mchezo ukienda mara mbili na nusu, huenda mtu amenunua skrini ya picha 144 na kiigaji kimefungwa kuifuata.

Yako hata hivyo maradhi yaliyowashinda watu kwa muda mrefu, ambayo hutokea wakati kila kitu kinaonekana kuwa sawa. Famicom ya Nintendo, ya mwaka 1983, haikutoa picha 60 kamili kwa sekunde bali 60.0988. Skrini ya leo hutoa 60. Tukimwamuru kiigaji aende sambamba na skrini ili picha zitiririke vizuri, kila sekunde atatengeneza sauti pungufu kidogo: badala ya vipimo 48,000, atatoa vipatavyo 47,921. Kitoa sauti cha kompyuta hakijui habari hizo. Kina saa yake, nacho hudai 48,000 vyake. Upungufu ni vipimo 79 tu. Lakini ikiwa akiba ya sauti ni ya milisekunde 64, yaani vipimo 3,072, itakwisha katika sekunde kama 39, na hapo mtumiaji atasikia mkwaruzo. Akimwamuru kiigaji afuate sauti, mkwaruzo huondoka, lakini picha hushtuka kila baada ya sekunde chache. Saa mbili zisizokubaliana haziwezi kutii zote mbili.

Mwaka 2012 watu wa RetroArch waliandika na kutumia njia ya kuzipatanisha. Kiigaji hufuata skrini, huku kikitazama akiba ya sauti: ikipungua, vipimo huvutwa kidogo ili vizidi, ikijaa, hubanwa. Ruhusa yake kwa kawaida ni nusu ya sehemu moja ya mia, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu-toni. Kidatu husogea, lakini hakuna sikio linalolalamika. Kwa Kiswahili njia hii yaweza kuitwa ulinganishaji wa sauti. Jina la "udhibiti wa kasi" halimwambii mtu ni kasi ya nini.

Super Famicom ya mwaka 1990 ilizidisha ugumu, kwa kuwa kitengo chake cha sauti, alichokibuni Ken Kutaragi wa Sony, kilikuwa na kichakataji chake na saa yake, mbali na saa ya mashine kuu. Saa zisizokubaliana zilikuwamo ndani ya chombo cha asili! ZSNES, kilichotolewa mwaka 1997, kilikimbia vizuri katika kompyuta dhaifu za siku zile kwa kuruka picha na kukisia mambo kadhaa ya sauti. Kilipendwa mno, hata wapenzi wa kurekebisha michezo wakatunga muziki wao kwa kukisikiliza. Kisha ikaonekana kwamba baadhi ya tungo hizo haziwezi kuchezwa katika mashine yenyewe: mwangwi wake ulivuka mpaka wa kumbukumbu. Nakala ilikuwa imechukua kiti cha asili. Mtungaji wa bsnes, kilichoanza mwaka 2004, alikataa makisio hayo, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba uaminifu kamili kwa mashine ya mapigo yapatayo milioni 3.58 ulidai kompyuta ya mapigo bilioni 3. Mimi nipo upande wake. Mashine zile zinakufa moja moja, na muziki wake utajulikana kwa kadiri ya uaminifu wa kiigaji.

Limebaki neno la akiba yenyewe. Ikikuzwa, mkwaruzo hupungua, lakini mlio husikika baada ya kitufe kubonyezwa. Maelezo mengi huita hali hiyo "kuchelewa", na pia huita kuchelewa ile hali ya kompyuta isiyowahi kazi. Sarufi yetu inatosha kuzitenga. Kompyuta dhaifu huchelewa, na huo ni uchelewaji, ambao dawa yake ni kuipunguzia mzigo. Akiba kubwa huichelewesha sauti kwa makusudi, na huo ni ucheleweshaji, ambao dawa yake ni kuipunguza akiba mpaka mkwaruzo uanze kusikika, kisha kuirudisha juu kidogo.