Kutembea kwa Kiunzi cha Roboti: Mwili Unavyojifunza Upya

Kiunzi cha roboti ni fremu inayofungwa kiunoni au miguuni, yenye mota na vihisio, ambayo husukuma kiungo cha mwili kwa wakati maalumu ili kumsaidia mtu kutembea. Wengi hudhani kuwa mashine hiyo ikishavaliwa hupunguza uchovu papo hapo. Utafiti unaonesha vinginevyo: sehemu kubwa ya nafuu hutokana na mwili wenyewe kujifunza kuitumia.

Mtu anapokivaa kiunzi cha kifundo cha mguu kwa mara ya kwanza, misuli ya ndama huendelea kufanya kazi kwa nguvu ileile ya kila siku, huku mota ikiongeza nguvu yake juu ya hiyo. Matokeo yake kifundo hunyooka kupita kiasi na mvaaji hutembea kama anayenyatia kwa vidole. Taratibu misuli hupunguza kazi yake na kuiachia mashine sehemu ya mzigo, na hatua hurudi kufanana na za kawaida.

Mwili huongozwa pia na gharama ya nishati. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada waliwafunga watu viunzi vya magoti vilivyoufanya mwendo wao wa kawaida uwe mzito kuliko mwendo mwingine. Ndani ya dakika chache watu hao walibadili kasi ya hatua zao, ingawa nishati waliyookoa haikufika asilimia 5. Hata hivyo, mazoea ni mazito: baadhi yao hawakuhama hadi walipoongozwa kwanza kuujaribu mwendo mwingine.

Muda ndio jambo linalosahaulika zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, ulibaini kuwa mtu huhitaji takribani dakika 109 za kutembea akisaidiwa na kiunzi cha vifundo ili awe mzoefu, na kwamba karibu nusu ya nafuu yote ilitokana na mafunzo hayo. Kifaa kinachojaribiwa kwa dakika kumi na kukataliwa, kwa hiyo, hakijatendewa haki.

Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu. Wazoefu wa Stanford walipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 39, lakini wakilinganishwa na kutembea wakiwa wamevaa kifaa kilichozimwa, ambacho chenyewe ni mzigo. Kiunzi cha chuo hichohicho kilichojaribiwa nje ya maabara mwaka 2022 kililinganishwa na viatu vya kawaida. Nafuu ilikuwa asilimia 17 kwa umbali uleule, na kasi iliongezeka kwa asilimia 9.

Kwa mtu aliyepooza miguu kutokana na jeraha la uti wa mgongo, kujifunza huko hufanywa na sehemu ya juu ya mwili. Kiunzi cha ReWalk, kilichoruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwezi Juni 2014, huanza hatua pale mvaaji anapoinamisha kiwiliwili mbele, huku akijishikiza kwa magongo. Masharti ya kibali hicho yanataka mgonjwa na msaidizi wake wote wawili wapate mafunzo kabla ya kukitumia nyumbani.