Jeraha la Kila Mwezi: Saratani ya Ovari Ilivyojulikana



Sisi mafundi cherehani huwa wa kwanza kujua kiuno cha mteja kikiongezeka. Mama mmoja tulimfumulia ubavu wa gauni mara mbili ndani ya miezi miwili, tukamtania kuwa anakula vizuri. Kumbe tumbo lilikuwa linajaa maji kwa saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai. Ndipo tukataka kujua ugonjwa huu unatoka wapi.

Mwaka 1863, Mjerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe za damu ndani ya vivimbe vya saratani. Akafikiri saratani huota pale mwili ulipochokozwa muda mrefu.

Mwaka 1971, daktari wa Misri, Mahmoud Fathalla, aliandika kwamba kila yai likitoka, ngozi ya ovari huchanika kidogo kisha hujiziba. Mimba na kunyonyesha huipumzisha, na kweli hatari hupungua. Fundi anaelewa: kitambaa kinachofumuliwa na kushonwa pale pale mwishowe huharibika.

Mwaka 1986, Toshio Hirano na Tadamitsu Kishimoto wa Japani walitambua jeni ya protini ambayo baadaye iliitwa intalukini-6. Hii ni mjumbe: mwili ukijeruhiwa, huita chembe za ulinzi, na jeraha likipona hutulia. Mwaka huo huo, Harold Dvorak wa Marekani alifananisha saratani na kidonda kisichopona.

Baadaye watafiti walikuta intalukini-6 nyingi katika maji ya tumbo ya wagonjwa wa saratani ya ovari. Saratani imemteka mjumbe. Humtumia kuotesha mishipa mipya ya damu na kuzilinda chembe mbovu zisife. Imeonekana pia kuwa nyingi ya saratani hizi huanzia kwenye ncha ya mirija ya uzazi, jirani kabisa na jeraha lile la kila mwezi.

Kwa hiyo asiyezaa asinyooshewe kidole. Wapo waliozaa wengi na wakaugua. Maradhi ni mtihani, si adhabu.

Tumbo likijaa, ukishiba haraka, nyonga zikiuma au haja ndogo ikizidi, na hali ikadumu wiki kadhaa, nenda hospitali ukaulize kipimo cha ultrasaundi. Nasi dukani, kiuno kikizidi ghafla, hatutanii tena. Tunamvuta dada pembeni, tunamuuliza.