Tanzania: Akiba iliyofichwa ndani ya shina la miombo

Katika mikoa ya Tabora na Katavi, magharibi mwa Tanzania, mwezi Septemba ni wa joto na vumbi, na mvua ingali mbali. Hata hivyo, ndipo misitu ya miombo inapovaa majani mapya, mengi yakiwa mekundu kama shaba kabla ya kugeuka kijani. Miti hiyo haingoji mvua ili ichipue. Hutumia akiba iliyojiwekea tangu msimu uliopita.

Akiba hiyo ni wanga. Jani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, kisha sukari hushuka kupitia tabaka la ndani la gome hadi kwenye shina na mizizi. Ile isiyotumika huingia katika seli hai zilizomo ndani ya ubao, na humo hugeuzwa kuwa chembe ndogo za wanga. Kwa kuwa wanga hauyeyuki kwa urahisi katika maji, hukaa pale ulipowekwa kwa miezi, mpaka mti uuhitaji na kuugeuza tena kuwa sukari.

Si ubao wote ulio ghala. Sehemu ya nje, iliyo nyeupe zaidi, ndiyo yenye seli hai. Kiini cha katikati, kile ambacho maseremala hukipenda katika mninga, kimekwisha kufa. Tone la ayodini likidondoshwa juu ya ubao mbichi, palipo na wanga hugeuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi.

Jambo hili lina uzito kwa wachoma mkaa na wafuga nyuki. Mti uliokatwa hauna majani, hivyo machipukizi ya kwanza ya kisiki hulishwa na akiba iliyobaki katika kisiki chenyewe na mizizi. Ukikatwa punde tu baada ya kutoa majani mapya, huwa umekwisha kutumia sehemu ya akiba hiyo. Machipukizi nayo yakiliwa na mbuzi au kuunguzwa na moto mwaka baada ya mwaka, ghala huisha na kisiki hufa.

Kuchuna gome kuzunguka shina, kama wafanyavyo watengenezaji wa mizinga ya magome, hudhuru kwa namna nyingine. Njia ya sukari hukatika, na mizizi hula akiba yake mpaka iishe. Majani huweza kubaki mabichi kwa muda mrefu, na mpita njia akadhani mti umepona.

Mashariki zaidi, katika wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, vijiji kadhaa vimegawa sehemu ya misitu yao katika vitalu vya mkaa. Kitalu kikishavunwa, visiki huachwa vichipue, na shoka halirudi hapo mpaka ipite miaka 24.